Skeli: Urefu ukiongezeka mara mbili, eneo huwa mara nne

KIWANJA chenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20 kinaweza kuonekana kwenye karatasi kuwa na ukubwa unaokaribia maradufu, bila mpima ardhi kukosea na bila mtu yeyote kughushi tarakimu hata moja. Kinachohitajika ni mashine ya fotokopi tu.

Kuelewa jinsi hilo linavyotokea kunahitaji kurejea somo la jiometri ambalo watu wengi hulisahau baada ya kumaliza shule, nalo ni somo la kukuza na kupunguza maumbo.

Maana ya ukuzaji

Katika jiometri, kukuza umbo ni kulibadilisha ukubwa bila kuliharibu sura. Tendo hilo huongozwa na mambo mawili. La kwanza ni kitovu cha ukuzaji, yaani nukta isiyosogea. La pili ni namba ya ukuzaji, ambayo kila urefu wa umbo huzidishwa nayo.

Mchoraji huvuta mstari kutoka kitovuni kupitia kila kona ya umbo. Iwapo kona iko sentimita 3 kutoka kitovuni na namba ya ukuzaji ni 2, kona mpya huwekwa kwenye mstari huohuo, sentimita 6 kutoka kitovuni. Kona zote zikishahamishwa na kuunganishwa, hupatikana umbo jipya ambalo kila upande wake ni mara mbili ya ule wa awali.

Namba hiyo ikizidi 1, umbo hukua. Ikiwa kati ya 0 na 1, umbo hupungua. Ikiwa hasi, taswira huangukia upande wa pili wa kitovu ikiwa imepinduliwa, kama inavyotokea kwa picha ndani ya kamera ya tundu.

Kisichobadilika ni pembe. Pembe ya nyuzi 30 hubaki kuwa ya nyuzi 30, na uwiano wa upande mmoja kwa mwingine hubaki uleule. Ndiyo sababu ramani ya mtaa mzima hutosha juu ya meza, huku barabara zake zikikutana kwa pembe zilezile zilizopo ardhini.

Kosa la tangu kale

Skeli ya ramani ni namba ya ukuzaji iliyoandikwa kwa njia ya uwiano. Skeli ya 1:1,000 maana yake ni kwamba sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 1,000 ardhini, yaani mita 10. Kwenye ramani za 1:50,000, ambazo hutumika Tanzania na Kenya kuonyesha milima, mito na njia, sentimita 1 ni mita 500.

Makosa huanza pale msomaji anapotoka kwenye urefu na kwenda kwenye eneo. Katika ramani hiyo ya 1:50,000, mraba wenye upande wa sentimita 1 hauwakilishi mita za mraba 500, bali 250,000, sawa na hekta 25. Sababu ni kwamba urefu umezidishwa na upana nao umezidishwa.

Kanuni yake ni fupi. Urefu ukizidishwa kwa namba fulani, eneo huzidishwa kwa namba hiyo mara mbili, na ujazo mara tatu. Kwa namba ya ukuzaji 3, urefu huwa mara 3, eneo mara 9 na ujazo mara 27.

Kosa hili ni la zamani. Katika maandishi ya Plato yaitwayo Meno, kijana mtumwa anaulizwa na Socrates namna ya kupata mraba wenye eneo mara mbili ya mwingine. Kijana anajibu kwamba upande uongezwe mara mbili, kisha anaonyeshwa kwamba mraba anaoupata ni mkubwa mara nne.

Fotokopi na kiwanja

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Karatasi ya A3, ambayo ni milimita 297 kwa 420, ina eneo mara mbili yake. Hata hivyo, mashine ya fotokopi inayokuza kutoka A4 kwenda A3 huandika asilimia 141, si 200, kwa kuwa asilimia hiyo ni ya urefu. Namba 1.41 ikizidishwa kwa yenyewe hutoa takriban 2.

Chukua mfano wa ramani ya 1:1,000 ambayo kiwanja kimechorwa milimita 30 kwa 20. Ardhini, hizo ni mita 30 kwa 20, yaani mita za mraba 600. Ramani hiyo ikikuzwa kwa asilimia 141, mchoro unakuwa milimita 42.3 kwa 28.2, lakini maandishi ya 1:1,000 yanabaki kusomeka vilevile, ilhali skeli halisi ya nakala hiyo sasa ni karibu 1:709.

Mnunuzi atakayepima nakala hiyo kwa rula na kuyaamini maandishi atapata mita za mraba 1,193. Bei ikiwa Sh10,000 kwa mita ya mraba, atalipa zaidi ya Sh11.9 milioni kwa ardhi ya Sh6 milioni. Nakala ikipunguzwa kwa asilimia 71, hasara humgeukia muuzaji, kwani kiwanja kitaonekana kuwa nusu.

Kinga ipo. Ramani nyingi huwa na mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita, ambao hukua na kupungua pamoja na mchoro. Umbali upimwe kwa mstari huo, si kwa tarakimu za skeli. Pia vipimo vilivyoandikwa kwenye ramani ya upimaji vilinganishwe na umbali halisi kati ya mawe ya mipaka, kabla ya fedha kutolewa.

Tangi juu ya paa

Kwa ujazo, tofauti ni kubwa zaidi. Tangi la mchemraba lenye upande wa mita 1 hubeba lita 1,000 za maji, zenye uzito wa tani 1. Tangi lenye upande wa mita 2 hubeba lita 8,000, yaani tani 8.

Sakafu inayobeba tangi hilo imeongezeka mara 4 tu, hivyo kila mita ya mraba hubeba tani 2 badala ya 1. Galileo alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638, akionyesha kwamba mnyama akikuzwa bila kubadilishwa umbo, mifupa yake hushindwa kuubeba mwili. Anayekusudia kuweka juu ya nyumba tangi lililo kubwa mara mbili kwa kila kipimo anapaswa kumweleza fundi uzito wa maji kwa tani, na siyo urefu na upana wa tangi pekee.