Somo la Soksi

Katika vyuo vya ualimu vya nchi yetu hakuna mwanachuo ambaye hakupata kukariri kanuni hii: mwanafunzi aongozwe kutoka jambo jepesi hadi gumu, na kutoka analolijua hadi asilolijua. Kanuni hiyo huandikwa madaftarini na kujibiwa kwenye mitihani. Kisha wapo wengi waingiao darasani na kuanza moja kwa moja na gumu. Mimi nilifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa nikiwa mwalimu mkuu katika Nyanda za Juu Kusini, na sikuona mahali kanuni ile ilipotimia vizuri zaidi kuliko katika kazi ambayo wanaume wengi huipuuza. Nasema juu ya kufuma kwa mkono, na hasa kufuma vitu vidogo kama soksi na kitambaa cha kuoshea vyombo. Naomba msomaji asicheke kabla hajanisikiliza. Vitu hivyo vidogo vina historia ndefu, na ndani yake mna swali zito: mtoto hufundishwa kwa faida ya nani?

Soksi za kale zilizosalia zimetoka Misri. Katika makumbusho ya British Museum mjini London imo soksi ya mtoto, ya mguu wa kushoto, iliyopatikana Antinoupolis na kukadiriwa kuwa ya mnamo mwaka 300 baada ya Kristo. Ina milia ya rangi, na kidole gumba kimetengewa nafasi yake ili mtoto aweze kuvaa makubazi. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba rangi zake zote zilitokana na mimea mitatu tu, iliyotoa nyekundu, buluu na manjano, kisha zikachanganywa. Soksi hiyo ilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu. Ufumaji tunaoujua leo unaonekana baadaye, vilevile Misri, katika soksi za pamba za buluu na nyeupe za zama za Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiarabu yaliyofumwa humohumo. Karne ya 13 ufundi huo ulikwisha fika Hispania: katika kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa, na pembeni yake neno la Kiarabu ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, yaani baraka.

Kwa nini soksi? Kwa sababu ndani ya kitu kinachoenea kiganjani mmejaa karibu mafunzo yote ya ufumaji. Chukua uzi wa sufu na sindano nne au tano zisizo na vichwa. Unaanzisha vitanzi 48, na hilo ndilo somo la kwanza. Unazunguka ukipishanisha vitanzi vya mbele na vya nyuma ili ukingo unyumbulike na kushika mguu, nalo ni somo la pili. Ukifika kisigino, unagawa vitanzi nusu kwa nusu: 24 vinasubiri juu ya wayo, na 24 vinafumwa huku na huku kwa mistari 24. Kisha unageuza kisigino. Unafuma nusu ya mstari na kidogo zaidi, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, na kabla hujamaliza mstari unarudi ulikotoka. Mara unaona kile kipande bapa kimejikunja chenyewe kama kibakuli, na vitanzi 14 vimebaki. Unaokota 12 kila upande wa kisigino, unavijumlisha na vile 24 vilivyosubiri, unapata 62. Sasa upunguze 14, viwili viwili, hadi urudi kwenye 48 ulizoanza nazo. Hapo ndipo mwanafunzi asiyeipenda hesabu hujikuta akihesabu bila kulazimishwa, kwa kuwa akikosea soksi yenyewe itamwambia.

Kitambaa cha vyombo kina fadhila nyingine. Ni mraba mtupu, hakina kisigino wala kidole. Lakini kwa sababu hiyohiyo unaweza kujaribia mchoro wowote mpya. Leo vijisanduku vya mbele na nyuma, kesho matundu ya mapambo, keshokutwa milia ya mshazari. Kikipinda, kitasugua sufuria vilevile. Uzi haupotei, na mfumaji hapotezi moyo. Asiyeogopa kuharibu hujifunza upesi. Jambo hili nimeliona kwenye insha, kwenye kilimo na kwenye ufundi seremala.

Wanaume wanaodhani kazi hii ni ya kike hawajui historia yake. Katika Alsace na Silesia, karne ya 17 na ya 18, mafundi wa vyama vya ufumaji walikuwa wanaume, na aliyetaka kuhesabiwa fundi kamili alipaswa kufuma zulia kubwa lenye maua na wanyama. Hakuanza na zulia; alianza na soksi na kofia miaka mingi kabla. Hata leo, katika kisiwa cha Taquile nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia, na mvulana hujifunza angali mdogo.

Lakini historia hii ina upande wa giza. Katika mabonde ya kaskazini ya Uingereza, maskini walifuma soksi za kuuza kutoka alfajiri hadi usiku. Mwaka 1847, katika kitabu cha mshairi Robert Southey kiitwacho The Doctor, kilichapishwa kisa cha wasichana wawili wadogo, mtu na dada yake, waliotolewa kwao Langdale wakapelekwa bonde la Dent kujifunza kufuma. Watu wa Dent walisifika kwa kasi ya ajabu. Watoto wale waliketi na sindano zao kutwa, wakishindanishwa na wengine, mbali na mama yao, hadi wakachoka. Wakatoroka wakati wa baridi kali, wakarudi kwao kwa miguu. Walichokimbia si soksi. Walikimbia kufuma soksi ileile, kwa namna ileile, kwa faida ya mtu mwingine.

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kwa uongozi wa Robert Lowe, ilitoa kanuni mpya ya elimu: shule zilipwe ruzuku kwa kadiri wanafunzi wanavyofaulu mbele ya mkaguzi. Kusoma, kuandika na kuhesabu vikawa bidhaa, na wasichana wakatakiwa kujua kushona. Ufumaji nao ukapangiwa ngazi: mtoto mdogo afume ukanda mwembamba kwa sindano mbili, baadaye vikomo vya mikono, kisha soksi yenye kisigino. Kama mwalimu siwezi kuilaumu ngazi hiyo. Imepangwa kwa akili. Ninacholaumu ni kilichokuwa kileleni. Binti wa maskini alipanda ngazi yote, na huko juu akakuta kazi ya utumishi katika nyumba ya tajiri. Shule za misheni zilizokuja kwetu zilileta mtindo huohuo: wavulana kwenye useremala, wasichana kwenye sindano.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 viliipa soksi heshima mpya. Askari walisimama katika mahandaki yenye maji hadi miguu ikaoza, na dawa mojawapo ilikuwa kubadilisha soksi mara kwa mara. Nchini Marekani, Msalaba Mwekundu wa Vijana ulioanzishwa mwaka 1917 uliwaingiza wanafunzi wa shule katika kazi za mikono. Wasioweza soksi walifuma vitambaa vya kunawia na miraba ya kuunganishwa kuwa blanketi. Njia ya kufunga ncha ya soksi bila mshono wa kuumiza vidole inaitwa hadi leo kwa jina la Lord Kitchener, mkuu wa vita wa Uingereza aliyezama baharini mwaka 1916. Kama yeye mwenyewe aliwahi kushika sindano ni hadithi tu. Lakini jina lake si geni kwetu: ndiye aliyekuwa mjumbe wa Uingereza katika tume ya mwaka 1885 iliyochunguza mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar huku bara. Historia hufumwa hivyo. Uzi mmoja hupita mahali pengi.

Nasi je? Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, yalitaka mikono na akili visitenganishwe. Katika shule niliyoiongoza baridi ya mwezi wa Juni hutoa moshi kinywani. Sindano tulichonga kwa mianzi au tulinoa spoku za baiskeli. Uzi tuliupata kwa kufumua sweta kuukuu. Niliagiza wavulana na wasichana wafume pamoja. Mzee mmoja alinijia ofisini akasema, "Mwalimu Mkuu, nimekuletea mtoto wa kiume, wewe unanirudishia binti." Nikamjibu, "Mzee wangu, miguu ya mwanao haijui kwamba soksi ni ya kike." Alicheka, lakini hakuridhika. Aliridhika mwaka uliofuata, kijana alipomvalisha jozi ya kwake.

Neno hilo, jozi, ndilo lenye siri. Soksi ya kwanza mtoto huifuma kwa mkono wa mwalimu. Kila akikwama anainua uso. Akiimaliza hufurahi, na hapo hapo huchoka, maana ya pili haina jambo jipya. Nami nilikuwa nikiwaambia walimu wangu: msitoe alama kwa soksi ya kwanza. Ya pili ndiyo mtihani, kwa kuwa inatoka kichwani mwa mtoto mwenyewe, na lazima ilingane na ya kwanza kwa urefu.

Baadaye ofisa mmoja wa elimu alitutembelea, akahesabu vipindi vya kazi za mikono, akaamuru viende kwa masomo ya mtihani wa darasa la saba. Spoku zikakusanywa katika debe. Watoto waliobaki na soksi moja moja walibaki nazo. Sikuona kwamba hesabu ilipanda kwa sababu hiyo.

Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeirudisha elimu ya amali mezani. Nafurahi, lakini nina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba tutaanza na mashine kubwa na majengo, tukisahau kwamba mkono hujifunza kwa kitu kidogo kinachomalizika. Ya pili ni kwamba kazi ndogo itakuwa fungu la watoto wa maskini, kama ilivyokuwa huko Dent. Mtoto apewe kitambaa cha vyombo leo ili kesho apewe soksi, na kesho kutwa kitu ambacho mwalimu wake hajawahi kukifuma. Mwalimu amwachaye kwenye kitambaa miaka saba hajamfundisha. Amemwajiri bila mshahara.