Kindi wa Uluguru: mzuri mtini, mgumu kufugika nyumbani

KINDI ni miongoni mwa wanyama wadogo wanaowavutia watu wengi, hususan watoto. Mkia wake mnene na namna anavyoshika chakula kwa mikono miwili huwafanya baadhi ya wakazi wa Morogoro Mjini watamani kumweka ndani. Aghalabu mambo huanzia shambani, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, pale mti unapokatwa na kinda lake kuokotwa chini.

Wiki za mwanzo huwa za furaha. Kinda hulala mfukoni mwa shati na humfuata anayemlisha. Matatizo hujitokeza linapokaribia kupevuka. Hapo kindi huanza kutetea eneo lake, na aliyemlea ndiye mara nyingi wa kwanza kung'atwa. Aidha, meno yake ya mbele hayaachi kukua, hivyo hana budi kutafuna kila siku. Asipopata magome na kokwa ngumu, atageukia fremu za milango na hata nyaya za umeme.

Wenyeji wanaweza kuhoji: mbona panya wanafugika hapa hapa Morogoro? Ni kweli, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) tangu mwaka 2000. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa SUA mwaka 2013, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kutegua mitego ya mabomu ya ardhini nchini Kambodia, au tuseme kuyanusa, kwani kutegua ni kazi ya binadamu.

Lakini panya hao huzaliwa kituoni, huzoeshwa watu tangu wakiwa wadogo na huwa na walimu wao kila siku. Kindi wa porini hana lolote kati ya hayo.

Chakula nacho ni mtihani. Maziwa ya ng'ombe humharisha kinda, na kuharisha humuua upesi. Aliyekua akilishwa karanga na mahindi pekee hukosa madini ya chokaa, mifupa yake ikalainika na kuvunjika. Porini hula matunda, machipukizi, mbegu na wadudu.

Lipo pia suala la sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kuwakamata bila kibali ni kosa. Udogo wa mnyama si utetezi. Tena, miongoni mwa kindi wa Uluguru yumo Paraxerus vexillarius, ambaye hapatikani kwingineko duniani ila katika milima ya Tanzania.

Anayeokota kinda asikimbilie kulibeba. Aliweke ndani ya kikapu chini ya mti ule ule au wa jirani, asogee mbali na kuwazuia mbwa na paka. Mara nyingi mama hurudi kulichukua. Likiwa limeumia, lipelekwe kwa daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya.