Ubainishaji wa mpangilio wa tensa

Ubainishaji wa mpangilio wa tensa ni hatua ambapo kompaila ya ujifunzaji wa mashine huamua mihimili ya data ifuatane vipi kwenye kumbukumbu, kwa kila opereta. Mfano mzuri wa kompaila hiyo ni TVM, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ikawa mradi kamili wa Apache mwaka 2020. Humo, anayeongeza opereta anapaswa kuisajilia pia kanuni ya mpangilio.

Opereta ya ReLU haina shida: hupokea mpangilio wowote na kuupitisha ulivyo. Opereta ya kuunganisha tensa ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Tensa ya 1×64×56×56, ambayo chaneli zake ziko mhimili namba 1 (tukihesabu kuanzia 0), ikigeuzwa kuwa 1×56×56×64, kuunganisha kwa chaneli lazima kuhamie mhimili namba 3. La sivyo kompaila itaunganisha kwa kimo, na jibu litaharibika. Chaneli zikipangwa kwa mafungu ya 16, tensa yenye chaneli 20 haigawanyiki sawasawa, hivyo opereta hudai mpangilio wa awali.

Opereta isiyo na kanuni huwekewa mageuzi ya data kabla na baada yake. Mageuzi hayo hula muda, na yakirudiwarudiwa ndani ya modeli yanaweza kumeza faida yote ya mpangilio mpya.