STIKA NYEUSI YA MLANGO WA GARI IKICHUBUKA: NAMNA YA KUIBADILISHA BILA KUHARIBU RANGI

Leo tuachane kidogo na siasa, tuongelee kitu ambacho kila mwenye gari la Kijapani anakijua hata kama hajui jina lake. Ni ile plastiki nyeusi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango kuzunguka kioo, hasa pale katikati mlango wa mbele unapokutana na wa nyuma. Wengi tunaiita stika tu.

Kwa sisi wa Madaba na jirani zetu wa Songea na Njombe, hii stika haikai muda mrefu. Barabara kuu ya Makambako–Songea ni lami, lakini ukishakata kona kuelekea vijijini, kule Wino au Mahanje, ni vumbi kiangazi na tope masika. Matawi yanakwangua, magunia ya mahindi yanasuguliwa mlangoni, na kijana wa kuosha gari anasugua vumbi kavu na tambara. Ongeza jua la mchana na baridi kali ya Juni na Julai. Plastiki inakauka, inapasuka, kingo zinanyanyuka.

KWA NINI IPO?
Kiwandani mlango mzima unapakwa rangi ya gari, halafu fremu ya kioo inabandikwa plastiki nyeusi ili vioo vyote vionekane kama mkanda mmoja mweusi. Plastiki yenyewe ni PVC, ndugu wa ile ya mabomba ya maji, isipokuwa hii imelainishwa. Mkemia Waldo Semon wa kampuni ya Goodrich huko Marekani ndiye aliyepata njia ya kuilainisha mwaka 1926. Kwa hiyo chini ya stika kuna rangi, na chini ya rangi kuna bati. Hapo ndipo penye hatari: stika unaweza kununua nyingine, lakini mlango ukichunwa rangi au ukiota kutu, hiyo ni kazi ya fundi bodi na hela yake si ndogo.

KWANZA HAKIKISHA NI STIKA KWELI
Fungua mlango uangalie ukingo wa fremu kwa ndani. Kama ni stika utaona inapokatikia, na ukucha utakwama hapo. Baadhi ya magari yana kipande cha plastiki ngumu kilichoshikwa kwa klipu au skrubu. Hicho hakichunwi, kinabadilishwa kizima. Mengine fremu imepakwa rangi nyeusi tu.

Kama ni mchubuko mdogo na kingo zimeshika vizuri, iache. Usipulize rangi ya kopo juu ya stika iliyopasuka, maana itapasuka nayo, na siku ya kuitoa utafanya kazi mara mbili.

KUNUNUA
Njia ni mbili. Ya kwanza ni vipande vilivyokatwa tayari kwa gari lako. Chukua namba ya chesisi, sema ni mlango wa mbele au wa nyuma, kulia au kushoto, maana havibadilishani. Wauza spea wa Kariakoo na Gerezani jijini Dar wanaweza kukuagizia.

Ya pili ni kununua kipande cha roli kwa mafundi stika. Taja kwamba unataka nyeusi isiyong'aa, ya nje, ya magari. Hapa wengi tunapigwa. Stika ya mabango ya bei poa hutengenezwa kwa kukandamizwa kwenye roli, hivyo ikipata jua inataka kurudi ilivyokuwa: inasinyaa na kuacha mstari wa gundi pembeni. Ile iliyomiminwa ikiwa majimaji ni nyembamba zaidi, inalala vizuri kwenye kona na haisinyai ovyo. Ni ghali, lakini fremu ya mlango inataka kipande kidogo tu. Pima, kisha ongeza sentimita 2 kila upande.

VIFAA
Maji na sabuni, mafuta ya taa kidogo, spiriti, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, wembe mpya, selotepu ya karatasi, kadi ngumu ya plastiki iliyovishwa kitambaa laini, na draya ya nywele ya saluni. Fundi tinti ana mashine ya hewa ya moto, lakini hiyo ina moto mkali; ukizubaa unaunguza rangi na mpira wa kioo.

KUTOA YA ZAMANI
1. Osha mlango, kausha. Shusha kioo. Angalia kama stika imeingia chini ya mpira wa kioo. Kama imeingia, unyanyue mpira taratibu, usiuvute kwa bisibisi.
2. Pasha stika joto mpaka ilegee, ila kiganja bado kiweze kugusa. Kama umeme umekatika, egesha gari juani saa saba mchana, au kandamiza taulo lililochovywa maji ya moto.
3. Anzia kwenye kona. Vuta polepole ukiikunja kurudi nyuma, isiwe kuelekea kwako moja kwa moja. Ikianza kukatika vipande vipande, ongeza joto, usiongeze nguvu.
4. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya taa kwa kitambaa, subiri dakika chache, futa. Kisu cha chuma hapana.
5. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, halafu malizia kwa spiriti na uiache ikauke kabisa. Hatua hii usiiruke. Mafuta ya taa huacha utando, na stika mpya haitashika juu yake.

ANGALIZO: Kuna mafundi wanakimbilia thina. Mlango uliowahi kupakwa rangi mtaani unaweza kulainika na kuchunika hapo hapo. Na petroli karibu na mashine ya moto ni kutafuta msiba.

KAGUA KUTU
Hapa ndipo ukweli unapoonekana. Ukikuta vipele au wekundu wa kutu, usifunike. Piga msasa mpaka bati safi, paka praima, kisha rangi. Rangi mpya iache wiki kadhaa kabla ya kubandika, la sivyo hewa ya rangi itatoka chini na kuinua mapovu. Kutu iliyofunikwa haifi, inaendelea kula kimya kimya.

KUBANDIKA
Fanya kivulini, pasipo upepo, na umwagie ardhi maji ili vumbi litulie. Joto zuri ni kama nyuzi 15 hadi 30. Kwa Madaba, asubuhi za Julai sahau, subiri mchana.

Weka stika mahali pake kabla ya kubandua karatasi, ishikize katikati kwa selotepu ya karatasi. Bandua nusu ya juu, kandamiza kwa kadi kutoka katikati kwenda pembeni, kisha malizia nusu ya chini. Kama nyuma ya stika kuna vifereji vya kutolea hewa, bandika kavu. Kama ni laini tupu, unaweza kunyunyiza maji yenye matone ya sabuni ili isishike haraka.

Kunja ukingo uingie ndani ya fremu kama sentimita 1. Kwenye kona pasha joto uivute kidogo tu. Ukiivuta sana itarudi. Kata ziada ikiwa imenyanyuliwa, wembe usiguse rangi, maana mkwaruzo wa wembe ndio mlango wa kutu. Povu dogo litoboe kwa sindano ulikandamize. Mwisho pasha kingo zote joto na ukandamize tena.

Siku 2 za kwanza usioshe gari. Mashine ya presha isubiri wiki nzima, na hata baadaye usielekeze mdomo wake kwenye kingo kwa karibu.

MAMBO MAWILI YA MWISHO
Wanunuzi wa magari yaliyotumika: ukikuta stika mpya kwenye mlango mmoja tu, uliza kwa nini. Pitisha kidole taratibu uhisi vipele, na linganisha rangi na milango mingine. Inaweza kuwa mchubuko tu, inaweza pia kuwa ajali au kutu.

Na anayefikiria kubandika mlango mzima rangi nyingine akumbuke kuwa rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Fremu nyeusi kurudi nyeusi haina neno. Gari jeupe kugeuka jekundu linatakiwa kurekebishwa TRA.

Haya wadau, mafundi mliopo Songea, Njombe na kwingineko, kama kuna dawa ya gundi sugu inayofanya kazi kuliko mafuta ya taa bila kula rangi, tupeni uzoefu wenu. Wengi watasoma na watapona.