Bilauri ya Shampeni na Safari Fupi za Pwani ya Tanga

Kutoka kiwanja cha ndege cha Tanga hadi cha Pemba ni kilomita 80 na kidogo. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan huumaliza mwendo huo chini ya nusu saa, ikiwa na abiria wapatao 12 na rubani wanayemwona kisogo, bila mhudumu, bila jiko, bila choo, wala pazia la kutenga waliokaa mbele na waliokaa nyuma. Barani Ulaya, safari ya saa moja hivi, kama ile ya London hadi Paris, huuzwa kwa madaraja mawili, na aliyelipia daraja la biashara hupewa shampeni au mvinyo mwingine wa povu pasipo kudaiwa chochote zaidi ya nauli. Tofauti hiyo wengi huieleza kwa maendeleo: Ulaya imefika mbali, sisi tuko nyuma, na siku moja pazia na bilauri vitatufikia. Nadhani maelezo hayo hayalingani na historia. Bilauri ile ilistawishwa na kanuni za nauli, ikabakizwa na haja ya kuonyesha daraja pale ambapo daraja lenyewe lilikuwa limebaki na kitu kidogo. Pwani ya kaskazini ya Tanzania ina historia yake ya kumpokea msafiri, na historia hiyo ina mengi ya kutufundisha kuhusu yapi ya kuiga na yapi ya kuacha.

Tuanze kule ilikoanzia. Mwaka 1927 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianzisha kati ya London na Paris huduma iliyoitwa Silver Wing. Ndege yake ya Argosy ilipunguziwa viti ili mhudumu na kabati la vyakula na vinywaji vipate nafasi. Hapo mtu anaweza kudai kwamba anasa ya safari fupi ilikuwepo kabla ya kanuni zozote za nauli za kimataifa, na kwa hiyo kanuni hazihusiki. Dai hilo lina ukweli nusu. Anasa ilikuwepo, lakini haikutenga abiria mmoja na mwenzake ndani ya ndege ile ile. Kila aliyepanda Silver Wing alikuwa mtu wa kipato kikubwa, na kila mmoja alihudumiwa na mhudumu yule yule. Kinywaji kilikuwa namna ya kumtuliza abiria katika chombo chenye kelele, baridi na mitikisiko, na namna ya kumvuta asiende kwa treni na meli. Bilauri iliyomwambia mtu kwamba yeye si kama aliyekaa safu tano nyuma yake ilikuwa bado haijazaliwa.

Ilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Chama cha mashirika ya ndege, IATA, kiliundwa Havana mwezi Aprili 1945, na kwa miongo iliyofuata mikutano yake ndiyo iliyopanga nauli za njia nyingi za kimataifa, huku serikali zikiziidhinisha. Shirika lililotaka kumnyang'anya mwenzake abiria halikuweza kupunguza bei. Likabakiwa na mambo ambayo mikutano haikuyafunga: upana wa kiti, tabasamu la mhudumu, sahani na chupa. Mwaka 1952 ndege zinazovuka Atlantiki ya Kaskazini zilipoanza kuuza daraja la watalii lenye nauli nafuu, na mwaka 1958 lilipokuja daraja la bei ya chini zaidi, kanuni ziliingia hata kwenye sahani: abiria wa daraja hilo alipaswa kupewa mkate wenye kitu juu yake na vitu vichache vya kawaida. Mwaka huo huo shirika la nchi za Skandinavia, SAS, lilishitakiwa na wenzake kwa sababu mikate yake ilikuwa imepambwa kwa minofu na mboga kiasi cha kuwa mlo kamili, likatozwa faini. Kisa hicho kinaonyesha kwamba chakula na kinywaji cha ndegeni kilikwisha kuwa sehemu ya bei. Alichopewa abiria bila malipo kilikuwa ni nauli ile ile iliyorudishwa kwake kwa sura nyingine, na alichonyimwa wa nyuma kilikuwa ni ukuta wa kulinda nauli ya wa mbele.

Ukuta huo ulipaswa kuanguka nauli zilipoachiwa huru. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1978, na Umoja wa Ulaya ukafanya kwa hatua zilizokamilika mwaka 1997. Mashirika ya bei nafuu yakaingia, na katika safari fupi yakaondoa karibu kila kitu cha bure. British Airways, iliyokuwa ikiwapa abiria wote wa safari fupi kinywaji na kitafunio, ilianza kuviuza kwa daraja la kawaida mwezi Januari 2017. Lakini bilauri ya shampeni kule mbele ilibaki. Sababu ni kwamba katika ndege nyingi za safari fupi za Ulaya kiti cha daraja la biashara ni kiti kile kile cha daraja la kawaida, chenye nafasi ile ile ya magoti, ila cha katikati kimeachwa wazi. Pazia husogezwa mbele au nyuma kulingana na tiketi zilizouzwa. Daraja lisilo na kiti chake lahitaji ishara, na kinywaji ni ishara rahisi: chupa ndogo ya mililita 200 huchukua nafasi kidogo, hufunguliwa haraka, na kila mtu anajua maana yake. Safari inapokuwa fupi kiasi kwamba mlo haufai, ndipo bilauri inapobeba mzigo mkubwa zaidi wa kuonyesha tofauti. Thamani yake haikutokana na kiu, kwa kuwa katika saa moja ya safari mwili hauidai.

Sasa tuangalie pwani yetu. Usafiri wa ndege ulifika Tanga mapema. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bi Florence Kerr Wilson, iliunganisha katika miaka ya 1930 Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, mpaka vita vya 1939 vilipoikatisha. Tarehe 1 Januari 1946 ikaanza East African Airways, mali ya serikali za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, ikiwa na ndege 6 aina ya Dragon Rapide. Hizo zilikuwa ndege za mbao na kitambaa, za abiria wasiozidi wanane, rubani mmoja, na dari ya chini iliyomlazimu mtu kuinama. Hapakuwa na mahali pa kuweka daraja la pili hata kama mtu angelitaka. Aliyekuwa akipanda ni ofisa wa serikali, mfanyabiashara na meneja wa shamba la mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kuifanya Tanga kuwa mji wenye fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Ubaguzi ulikuwepo, na ulikuwa mkali, lakini ulifanyika chini, kabla ya kupanda: nauli, kazi na rangi ndizo zilizochuja. Ndani ya Rapide wote walikaa sawa.

Kuhusu kinywaji, sheria ya enzi hizo inazungumza wazi kuliko tangazo lolote la shirika la ndege. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliwazuia Waafrika wa eneo kubwa la bara hili wasiuziwe pombe kali. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliendeleza zuio hilo, na dhamana ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule juu ya Tanganyika ikaitaka Uingereza idhibiti vikali biashara ya vileo. Kwa vitendo, vileo vilipangwa kwa rangi: tembo la mnazi kwa mwenyeji wa Pangani au Muheza, chupa ya Ulaya kwa Mzungu. Vizuizi hivyo vililegezwa hatua kwa hatua baada ya Vita Kuu ya Pili. Atakayesema kwamba bilauri ya Kizungu ni alama ya heshima ya dunia nzima, isiyo na upande, akumbuke kwamba katika nchi hii palikuwepo na kizazi kizima cha watu wazima waliokatazwa na sheria kuinunua chupa ya namna hiyo kwa sababu ya ngozi yao. Alama haikui nje ya historia ya watu inaowahusu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: ukarimu ni desturi yetu wenyewe, na mgeni wa pwani hupewa cha kunywa kabla ya kuulizwa haja yake, basi bilauri ya ndegeni ina ubaya gani? Ni kweli kwamba desturi hiyo ni ya kale. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika jinsi vijana wa Mogadishu walivyozifuata meli kwa mashua wakiwa na sahani zilizofunikwa, kila mmoja akimkabili mfanyabiashara na kumtangaza kuwa mgeni wake. Kwa sultani aliletewa tambuu na maji ya waridi. Tena tusijidanganye kwamba ukarimu huo ulikuwa mtupu wa biashara: mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Hata hivyo mambo mawili yanautenga na bilauri ya ndegeni. Kwanza, ulimfikia mtu kwa kuwa amefika. Pili, ulikuwa wa pwani na nyumba, si wa chombo. Katika jahazi la kwenda Pemba abiria alijichukulia chakula chake. Vivyo hivyo bara: baada ya Wajerumani kuanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, mgeni alishuka meli Tanga, akapanda treni ya reli ya Usambara, kisha akaupanda mlima. Mwenyeji alikuwa ni yule aliyemsubiri mwisho wa njia. Shirika la ndege limeuhamisha ukaribisho kutoka mwisho wa safari hadi katikati yake, na kutoka kwa mwenyeji hadi kwa muuzaji. Si kosa kufanya hivyo, ila tusiuite uhamisho huo mwendelezo wa mila.

Pingamizi la pili ni la hesabu. Watetezi wa madaraja husema kwamba nauli ya wa mbele humbeba wa nyuma, na kwamba shirika la taifa haliwezi kuishi bila hao wachache. Air Tanzania, iliyoanzishwa Machi 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, inafuata mpango huo leo: ndege zake za Dash 8 Q400 zilizoanza kuja mwaka 2016 zina viti 76, vikiwemo 6 vya daraja la biashara, na Airbus A220 zina viti 132, vikiwemo 12 vya daraja hilo. Sina ugomvi na viti hivyo. Anayelipa zaidi ili apate nafasi ya kufanya kazi, mzigo mkubwa zaidi na uhuru wa kubadili tarehe amenunua vitu vya kweli. Lakini hoja ya hesabu haiitetei bilauri. Inatetea nafasi, muda na mzigo. Mashirika ya Saudia na Kuwait huuza madaraja ya juu bila tone la kileo, na abiria huyanunua. Emirates humkaribisha abiria wake wa mbele kwa kahawa ya Kiarabu na tende, hata kama shampeni nayo ipo. Kama daraja lasimama bila mvinyo, basi mvinyo haukuwa nguzo yake. Na pwani ya Tanga, ambako abiria wengi ni Waislamu, heshima inayotolewa kwa kitu ambacho wengi hawakigusi ni heshima iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Ndege zisizo na pazia zinazoruka kati ya Tanga, Pemba na Unguja zimefanya hivyo kwa sababu za kiufundi na za fedha, wala hazikuongozwa na falsafa yoyote. Hata hivyo zimethibitisha kwa miaka mingi, kama Rapide za 1946 zilivyothibitisha, kwamba safari fupi yaweza kuwa ya heshima pasipo kugawanya abiria kwa kinywaji. Kiwanja na ndege zitakapokua, watakaopanga huduma za njia hizi watakuwa na uchaguzi halisi. Wakiiga bilauri, watakuwa wameagiza mabaki ya ugomvi wa nauli wa watu wengine. Wakifuata desturi ya hapa, watampokea kila aliyefika kwa kitu kile kile: maji baridi, kahawa, au chai iliyochumwa Usambara Mashariki, katika mashamba ya Kwamkoro na Bulwa yanayopakana na Amani, pamoja na neno la kweli pindi ndege inapochelewa. Huduma hiyo haina gharama kubwa, na wa kiti cha kwanza hatapungukiwa na kitu akipewa sawa na wa kiti cha mwisho. Ikiwa ni ukaribisho, kigezo chake kiwe kuwasili. Ikiwa ni bidhaa, iandikwe kwenye tiketi na iuzwe kwa jina lake.