Mwalimu na Bastola

Tarehe 16 Desemba 2014 wauaji waliingia katika shule moja ya mji wa Peshawar, nchini Pakistan, wakaua watu zaidi ya 140, wengi wao watoto. Mwezi uliofuata serikali ya jimbo la Khyber Pakhtunkhwa iliwaruhusu walimu kuchukua silaha shuleni. Baadhi ya walimu walipinga, wakisema kwamba kazi yao ni kufundisha, na kwamba ulinzi ni kazi ya askari.

Mambo mawili yaliyotukia baadaye katika jimbo hilo yafaa kupimwa pamoja. Mwaka 2015, huko Swat, mwalimu mmoja alikuwa akisafisha bastola yake. Risasi ikafyatuka, ikamwua mwanafunzi. Januari 2016, wauaji walipokishambulia Chuo Kikuu cha Bacha Khan, katika Charsadda, mwalimu wa kemia aliwakabili kwa bastola yake, wanafunzi wakapata nafasi ya kujiokoa. Yeye mwenyewe aliuawa.

Nani basi atathubutu kumlaumu shujaa huyo? Lakini ushujaa wa mtu mmoja haufai kufanywa sheria ya wote. Adui huja siku moja, na pengine asije kamwe; bali bastola ya mwalimu hukaa karibu na watoto kila siku, nayo haibagui adui na mwana. Serikali impayo mwalimu silaha, ilhali lango la shule halina askari, humtwika mzigo usio wake. Mwalimu na aachiwe chaki yake; ulinzi na ufanywe na waliofunzwa kazi hiyo.