Kutoka Kinanda hadi Singeli: Redio na Majina ya Muziki wa Umeme

Katika kazi ya istilahi hudhaniwa mara nyingi kwamba neno huzaliwa mezani kwa wataalamu, kisha hushuka kwa watumiaji. Historia ya majina ya muziki yaonyesha kinyume chake. Msikilizaji aliye Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria katika wilaya ya Muleba, hulipata jina la muziki mpya kinywani mwa mtangazaji kabla halijaingia katika kamusi yoyote. Tafsiri yetu ikimfikia baadaye, huipima kwa yale aliyokwisha kuyasikia.

Tuchukue neno kinanda. Hapo zamani pwani lilikuwa jina la ala ya nyuzi. Zilipokuja ogani, piano na gramafoni, neno hilohilo likazipokea zote. Santuri nayo ilitokana na jina la ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu. Kwetu ikawa sahani ya muziki. (Wahaya wana enanga, ala ya nyuzi ambayo jina lake ni jina pia la utendi uimbwao kwayo. Sura ya neno hilo yakaribiana na kinanda, lakini kukaribiana kwa sura peke yake si ushahidi wa udugu.) Kisha vijana wa Dar es Salaam wakatwaa kinanda kidogo cha Casio, wakakipitisha katika vipaza sauti vya honi, wakakioanisha na ngoma za harusi za Kizaramo. Hapo ukapatikana mchiriku, uitwao pia mnanda. Kundi la Jagwa Music lililoanza mwaka 1992 ni mojawapo ya makundi yake mashuhuri.

Mchiriku ulienea kwa kanda na kwa sherehe za mitaani zaidi kuliko kwa redio. Mtoto wake, singeli, alipata bahati nyingine. Katikati ya miaka ya 2010 kituo cha EFM cha Dar es Salaam kiliupigia debe muziki huo ambao wengi waliuona kuwa wa kihuni, na jina lake likatoka uswahilini likaenea nchini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, kutoka katika studio ya Mburahati, na wapenzi wa muziki wa kompyuta huko Ulaya wakastaajabia mwendo wake unaopita mapigo 200 kwa dakika.

Jambo kama hilo lilipata kutokea Detroit, Marekani. Mtangazaji Charles Johnson, aliyejiita The Electrifying Mojo, alianza mwaka 1977 katika kituo cha WGPR kupiga sahani za Kraftwerk wa Ujerumani bega kwa bega na muziki wa Wamarekani weusi. Miongoni mwa vijana waliomsikiliza walikuwamo Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, ambao ndio hasa walioanzisha tekno. Atkins alikwisha kulitumia neno hilo katika wimbo wa mwaka 1984. Lilienea mwaka 1988, mkusanyo wa kazi zao ulipochapwa Uingereza na neno hilo likawekwa katika anwani yake.

Hapa ndipo mfasiri anapokwama. Muziki huo wa Detroit husemwa kuwa ni wa andagraundi, na wako waliotafsiri kwa kuandika “muziki wa chini ya ardhi”, kana kwamba wapigaji ni wachimba madini. Hata kuliacha neno lilivyo hakutoshi. Katika Kiswahili cha redio za Tanzania, andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka, na kutoka ni wimbo wake kupigwa na kujulikana. Ni mtu aliye mlangoni, anangoja kufunguliwa. Andagraundi wa Detroit au Berlin aghalabu ni mtu aliyeuona mlango na akachagua kutopita. Mwalimu akiyachanganya mawili haya, wanafunzi wataelewa kwamba wakongwe wa tekno walishindwa kazi.

Twapendekeza andagraundi libaki na maana yake ya Kitanzania, na kwa maana ile nyingine itumike “muziki wa chinichini”. Tunatambua kwamba chinichini lina harufu ya njama, na wenzetu wengine hawalipendi kwa sababu hiyo. Sisi twaona harufu hiyo si mbaya sana, kwa kuwa muziki huu ulijificha kweli.

Singeli isitafsiriwe. Kuiita “tekno ya Kiafrika” ni kuifuta nasaba yake ya mchiriku na ngoma za Kizaramo. Wala si suala la wafasiri peke yao. Afisa anayejibu ombi la kibali cha sherehe ya mtaani akiandika “kelele za usiku”, amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuusoma ukurasa wa pili. Tunaomba aandike singeli, kama alivyoandika mwombaji.